Madini Joto

Shangazi zangu watatu walikuwa na shingo za kujaa,
na bibi Darejani, katika picha ya mwaka ule daraja liliposombwa,
amejifunga kitambaa hadi kidevuni, katikati ya Julai.
Rovu, watu walisema, ni la ukoo, kama pua.
Hakuna aliyesema ni la mlima:
kwamba theluji ya Svaneti, karne kwa karne, iliosha udongo wetu,
ikayateremsha madini joto mtoni, mto ukayapeleka baharini,
kwa watu walio nayo tele.
Madini joto.
Aliyeyapa jina hilo aliijua baridi yangu.

Mimi shingo yangu ni nyembamba. Nikadhani nimenusurika.
Chumvi siku hizi hutoka dukani na madini yake ndani;
naitwanga na kitunguu saumu, uwatu na giligilani,
naifunika isipigwe na hewa.
Lakini nilipotimiza arobaini na sita
nilianza kupungua bila kukonda.
Kunenepa nilinenepa, ila nilipungua:
jina la mtoto wa dawati la mbele likanitoka,
sauti ikawa ya mwanamume mwenye mafua,
nywele zikabaki kwenye kitana kama nyasi kwenye reki,
na ngazi za shule, kumi na moja tu,
zikawa mlima juu ya mlima.
"Mvivu hakosi la kumuuma," alisema mama mkwe, Tsitsino,
akikanda unga kwa mikono ya miaka themanini.
Sikumjibu. Kujibu nako kunataka nguvu.

Daktari Lela, kule Mestia, alinigusa dundumio kwa vidole viwili,
akaniambia nimeze mate.
"Hili si la chumvi. Mwili wako unajipiga wenyewe."
Akanipa kidonge cheupe, kidogo kuliko punje ya dengu.
Nikameza. Mwezi, miwili. Nikameza.
Baridi haikutoka;
ilihama tu, kutoka nyayoni kwenda magotini.

Basi damu yangu ikateremshwa Zugdidi katika boksi la barafu,
ikapita makorongo yote, na majibu yakapanda:
chuma kidogo,
vitamini D kidogo,
B12 ikichechemea nyuma kama kondoo mgonjwa.
Nikacheka. Nimezaliwa juu ya jiwe, machoni pa jua,
na sina chuma, sina jua.

"Unavimeza vipi?" Lela aliuliza.
Nikamweleza kwa fahari, mwalimu ni mwalimu:
alfajiri, vyote kwa mpigo, kile cheupe
na kile cha chuma alichoninunulia Besarioni wangu,
kisha kahawa nyeusi juu yake, nzito, hadi machicha.
Akaweka kalamu chini.
"Makvala, umewapitisha wageni wawili mlango mmoja.
Wameshikana mashati pale pale kizingitini.
Hakuna aliyeingia."

Tangu hapo naishi kwa saa ya ukutani.
Cheupe kwanza, kwa maji matupu, gizani.
Kahawa ingoje nimalize kuvaa viatu.
Chuma ni mchana, masomo yakiisha, na kipande cha chungwa.
Hata jibini, jibini la nyumbani kwangu, lina foleni yake.
Tsitsino anaziita sala zangu,
na hasemi kwa wema.

Sijapona. Nyusi zangu bado zinaishia katikati.
Lakini juzi, tukigawanya robo na theluthi,
niliona sweta langu liko kitini.
Sikukumbuka kulivua.
Watoto kumi na tisa waliitazama mikono yangu mitupu
kana kwamba nimeingia nayo leo.

Jioni Tsitsino aliniwekea ini la ng'ombe,
kipande kikubwa kuliko cha mwanawe.
"Kula kabla hakijapoa," alisema.
Kisha akapeleka mkono shingoni mwake, chini ya kitambaa,
akapapasa,
akidhani sioni.