Chupa ya Kumi na Nne

Yaqdhan kaileta mwenyewe kutoka Izki,
kaikumbatia kama mtoto mwenye homa,
chupa ya maji ya waridi, karatasi yake haijabanduka,
ndani maji ya kisima.
Akauliza: "Tunakunywa, au tusinywe?"

Nikatazama. Meupe pe.
Ningekuwa na kiu ningeyapiga funda.

Urani peke yake ni mvivu wa safari.
Ikigusa kutu ya chuma hung'ang'ania,
ikigusa udongo hulala.
Lakini mlima wetu una chokaa, na mvua,
hata hii yetu ya kuhesabu kwa vidole,
haipiti mlimani ikatoka mfuko mtupu.
Kabonati tatu huizunguka urani kiunoni,
kila moja imeshika kwa mikono miwili,
mikono sita, duara bapa kama sinia;
oksijeni moja juu, moja chini, zimenyooka kama mchi.
Basi haishiki tena ukuta. Inakwenda.

Kisha kalsiamu, maana chokaa haiji peke yake:
mbili husimama ubavuni, chaji hasi nne zikalipwa,
deni kwisha, jumla sifuri.
Kichujio chetu, kile cha bei, hunasa chenye chaji.
Sifuri hupita mbele yake kama mgeni
aliyeazima kanzu ya wenyeji.

(Kupita hivyo nakujua.
Shuleni Nizwa, mwaka wa kwanza, nilinyamaza muhula mzima
lafudhi ya Ng'ambo isinichomoke.)

Kiasi chake nilikipima kwa mashine ya chumba cha pili.
Hapa nilitaka kujua tabia.
Nikachukua urani ya kopo letu, nikaijazia kabonati bila uchoyo,
nikapuliza naitrojeni robo saa kufukuza hewa,
nikateremsha elektrodi, kijiti cha kaboni
nilichokisugua mpaka nikaliona jicho langu.
Volti nikazishusha taratibu, upande wa hasi.
Mkondo umelala. Umelala.
Ukatumbukia.
Elektroni moja imepokelewa:
urani ya sita imekuwa ya tano.

Ya tano, kwenye maji ya asidi, haina umri.
Mbili hukutana, moja ikapanda sita, moja ikashuka nne,
katikati pakabaki patupu.
Penye kabonati tele hushikwa, ikadumu.
Nikageuza volti, ikarudisha elektroni ileile
(tuseme ileile, nani atahakiki)
na mchoro ukajifunga, tumbo chini, tumbo juu.

Bibi Zuwena alishuka Maskati na sanduku la bati,
si wa huku, si wa kule.
Shangazi zangu watatu wakamzunguka kila alasiri,
kahawa, tende, umbeya wa mitaa isiyokuwepo tena,
na Kiswahili hakikumdondoka hata silabi.
Nimeuandika mfano huu katika daftari la maabara
nikaukata, nikauandika, nikaukata.
Daftari ni la namba.

Na namba zasema pia hivi: ukizidi kushusha, mpaka nne,
huna budi kuzivunja zile oksijeni mbili, ya juu na ya chini.
Huko hairudi kwa njia iliyoendea.
Nilijaribu mara tano. Mchoro ukaenda,
ukanisubirisha, haukuja.

Alhamisi nikampigia simu.
"Mikrogramu kumi na mbili kwa lita. Mpaka ni thelathini. Kunyweni."
Akashusha pumzi, nikaisikia.
"Lakini niletee mengine baada ya mvua."
"Mvua gani, binti yangu?"
Sikuwa na jibu. Kipimo cha hilo hatuna.

Kimya kidogo. Mbuzi analia upande wake wa simu.
"Na chupa yangu?"
Nikasema nimeiosha, iko dirishani, inakauka.
Na kweli, hata baada ya sabuni na asidi,
ukiifungua,
bado ni waridi.