Mkulima wa Chumbageni

Mtendaji wa mtaa aliuliza, muhuri mkononi,
"Kazi yako?"
Nikamwambia natafsiri maandishi ya chini ya filamu,
kampuni iko Talini, mimi niko hapa.
Akanitazama viatu, akaandika: Mkulima.
Nadhani alinihurumia.

Barua hiyo ndiyo ya juu kwenye bahasha ya kaki.
Chini yake, taarifa ya benki ya miezi sita:
fedha zinaingia usiku kama mgeni mwenye haya,
asubuhi zimekwenda,
karo ya Mwanahawa, bati za Pongwe.
Kisha picha yangu, masikio yote mawili nje,
marufuku kutabasamu.

Ofisi ya mapato, Bi Zalika alifungua kalenda ya ukutani,
akaihesabu kwa ncha ya kalamu, Januari hadi Julai.
"Siku mia moja themanini na tatu ukizifikisha kwao,
kodi watakudai wao. Kabla ya hapo bado wetu."
"Na nikizigawa nusu kwa nusu?"
"Hapo mtadaiwa wawili," akasema,
"wewe na kivuli chako."

Nimekuwa kiwanja kisicho na hati,
kila jirani anasogeza mpaka.

Lakini fomu ya bima ndiyo iliyonikesha.
Je, una maradhi ya muda mrefu?
Nikiandika ndiyo, bei inapanda.
Nikiandika hapana, nitakuwa napumua kwa uongo.
Mama alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso:
"Hapa kifua kikikubana, Shekivuli anawasha bajaji,
bei hasemi mpaka utoke Bombo.
Huko utamwita nani?"
"Kuna namba ya kupiga, mama. Saa zote."
"Namba ina miguu?"

Nimeandika ndiyo.

Sasa ubalozi unataka kazi ya kwenye fomu
ifanane na kazi ya kwenye barua.
Nimerudi kwa mtendaji mara mbili;
yuko msibani Korogwe, muhuri umefungiwa kwenye saraka,
ufunguo anao yeye.

Basi nimekaa, feni inazunguka, kazi imeingia.
Kwenye filamu mzee anavuka uwanja wa theluji,
anasimama, anashika kifua.
Hasemi neno.
Naandika pale chini: anakohoa.
Herufi nane, sekunde mbili.
Hakuna aliyemuuliza bima.