Hodi, Njiro

Saa tano usiku, Tabata Kimanga.
Ruta iko juu ya kabati la vyombo,
taa tatu za kijani, ya nne nyekundu
kama jicho la mtu aliyelia halafu akakana.

Mishahara ya watu sitini na watatu
imelala kwenye seva, Njiro, Arusha.
Ufunguo ninao, nywila ninayo,
VPN yenyewe inaniapia: umeunganishwa.
Nabisha hodi. Kimya.
Mila yetu ni tatu, ukikosa jibu urudi ulikotoka;
mashine hubisha nne.
Kimya.

Nampigia Mwasomola. Anapiga mwayo kwanza.
"Zima, washa."
Nimezima, nimewasha.
"Chomoa waya, hesabu hadi thelathini."
Nimehesabu hadi themanini, nikajikuta nahesabu madeni.
Nimebadili waya. Nimenunua bando.
Nimeipangusa ruta vumbi kwa ncha ya kanga,
nikailaumu mvua, nikailaumu kampuni,
nikamlaumu mpangaji wa uani
niliyempa nywila siku ya msiba wao
na hadi leo anatazama mpira kwa jasho langu.

Saa saba kasoro, sauti yake imeamka:
"Hapo kwako namba zinaanzaje?"
Nasoma: moja tisa mbili, moja sita nane, moja...
"Basi. Na Njiro ni hizohizo."

Nikaketi sakafuni.
Mimi, mtoto wa mji huu,
ninayejua kuwa ukimwambia boda "Mtaa wa Msikitini"
usipotaja kata umekwisha:
keki ya harusi ya Nyamizi
ilipokelewa na wafiwa, Mbagala,
wakashukuru.

Ombi langu halikuwahi kuvuka kizingiti.
Lilisikia namba, likageukia sebuleni,
likabisha kwa ishirini ya humu humu ndani:
televisheni, aliyoiacha Ihsani ikiwaka,
katuni zinakimbizana bila sauti.
Saa mbili nzima naiomba televisheni mishahara.

Nikaipa nyumba namba nyingine,
kumi, arobaini na nne, ya mlango wa bibi kule Tanga.
Ruta ikazimika. Ikafikiri. Ikawaka.
Hodi.
Karibu, ikasema Njiro,
kwa milisekunde kumi na nane,
kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango
muda wote.

Nililipa hadi adhana. Jina la mwisho lilikuwa langu.

Asubuhi Ihsani ananitikisa bega:
"Mama, tivii inasema
haijui iko wapi."