Waya Mfupi

Mwandiga, kwenye kinu cha mawese:
nyaya mbili, fezi moja, mzigo mmoja.
Mmoja niliuzungusha nyuma ya tangi,
wa pili nikaupenyeza ukutani.
Nimeokoa mita tatu! Nikajisifu.

Fundi Nyabhenda hakugomba.
Aliugusa mrefu kwa mgongo wa kiganja: vuguvugu.
"Haya, gusa huu wako."
Nikauchomoa mkono kama mtu aliyeshika chungu jikoni.

"Umeme mvivu, Rusimbi.
Penye njia fupi ndipo hujazana,
na aliye karibu ndiye huungua."

Tukavuta upya, tukapima kwa futi,
tukakata ncha kwa ncha.

Ule mfupi, ganda limebabuka, nilipewa.
Mama huanikia nguo.
Hajui kwa nini naugusa
kila nikipita.