Jina la Amândio

Alhamisi, Covilhã. Theluji imekaa mlimani
kama kitambaa cha meza ambacho hakuna aliyekikunja.
Maktaba imenipa chumba cha nyuma, viti sita,
hita moja yenye kikohozi,
na tangazo mlangoni: Mshauri wa simu na kompyuta. Bure.

Bwana Horácio ameleta simu iliyovimbiwa,
picha elfu nane, nyingi za kidole chake mwenyewe.
Namwonyesha namna ya kufuta. Anafuta tatu,
anasita, anarudisha mbili.
Kijana wa duka la matairi analia betri hufa adhuhuri;
nazima programu kumi na tisa zilizokuwa zikikesha bila mshahara,
natoa pamba kwenye tundu la chaja kwa kijiti cha meno,
anaondoka akipiga mluzi.
Kazi yangu ndiyo hiyo. Vumbi na mwanga.

Kisha Bi Deolinda Vaz. Hakai.
Ameishika simu kwa mikono miwili
kama bakuli la supu linalofurika.
"Benki wanasema akaunti yangu itafungwa leo jioni."

Tusome, namwambia. Miaka arobaini kiwanda cha sufu
ulikagua vitambaa, uzi uliokatika ukiuona toka mlangoni.
Kague na hiki.

Anavaa miwani.
"Hii O si O. Ni sifuri."
Naam.
"Na benki wanalijua jina langu. Hapa naitwa Mteja Mpendwa."
Naam.
"Na haraka hii ya nini? Tangu nizaliwe
benki haijapata kunifanyia haraka."

Haraka ndiyo chambo, Bi Deolinda; ndoana iko kwenye kiungo.
Usibofye. Piga namba iliyo nyuma ya kadi yako,
si hii waliyokuandikia wao.

Na nenosiri? Nauliza kwa sauti ya daktari
anayeulizia habari za choo. Ni moja kwa kila kitu?
Analitaja kabla sijamziba mdomo:
Amândio1951.
La benki, la barua pepe, la duka la dawa.
Nasema, jina la mume na mwaka aliozaliwa
viko kwenye jiwe la kaburi, mama,
asomaye ni yeyote mwenye macho.

Nilichosema ni sahihi.
Usahihi nao una makali.

Sasa anakaa.
"Kila asubuhi naliandika, herufi kwa herufi.
Ndiyo mara pekee kwa siku
jina lake linapita mikononi mwangu."

Katika vyeti vyangu vyote hakuna ukurasa wa hili.
Hita inakohoa. Nje mtu anakwangua barafu kwenye kioo cha gari.

Basi chagua, namwambia baadaye, maneno manne
aliyokuwa akiyasema yeye, ya upuuzi, ya jikoni,
ambayo hayakuandikwa popote.
Usiniambie.

Nageukia dirisha. Nyuma yangu vidole vinatafuta herufi,
vinapotea, vinarudi;
kisha kicheko kifupi, cha msichana,
na pua inayofutwa kwa leso.
Skrini inasema: imara.

Tunaongeza hatua ya pili, tarakimu sita zinazoletwa na simu.
Usimpe mtu hizo, hata akilia, hata akijiita mjukuu wako.
"Hata wewe?"
Hasa mimi.

Usiku, nyumbani, simu yangu inanikumbusha
sasisho linalosubiri tangu kiangazi.
Na nenosiri langu, naona haya kulisema,
ni jina la mbwa aliyekufa nikiwa na miaka kumi na mmoja.
Mganga hajigangi.
Naunganisha chaja. Namuaga mbwa, si kwa urahisi.
Neno la kwanza kati ya manne nimelipata,
la mama yangu, alilolisema maziwa yakichemka na kumwagika.

Sitakuambia.