Kituo Namba Kumi na Moja

Februari. Milima ya Ardenne imejifunika theluji gubigubi,
na ile barabara ya mbio, ambayo ikifika Agosti hunguruma
hadi vikombe vikagongana kabatini mwangu,
leo imepitwa na mbweha mmoja tu.
Nimemwona nikienda kununua mkate.
Kaikata kona ndani kabisa, palepale wanapoikatia madereva,
hana haraka, hana mpinzani,
wala hakuna aliyempigia saa.

Barua ilifika jana.
Bi. Odile Warnimont, kituo namba kumi na moja,
mwaka wako wa ishirini na sita.
Tafadhali thibitisha ukubwa wa ovaroli.
(Umeongezeka. Nitathibitisha mwezi ujao.)

Nimelivuta sanduku kutoka chini ya kitanda,
nimewasha pasi.
Ya kijani haina neno: njia nyeupe, nenda zako.
Ya bluu, mpishe aliye nyuma yako, amekuzidi,
ndiyo wanayoichukia kuliko zote; nimetukanwa kwa ngumi
na watu ninaowapenda.
Nyekundu bado ina mkunjo wa dukani,
na uendelee kuwapo.
Ya manjano ina doa la mafuta pembeni
ambalo Gauthier alilisugua kwa ndimu, kwa chumvi, kwa matusi,
likabaki.

Doa hilo ni la mwaka juzi, mvua ikinyesha upande huu wa msitu
na upande wa pili jua kali.
Kijana wa Kifini alitua karibu na miguu yangu, gari juu chini.
Nilipunga mpaka bega likalia.
Akatambaa, akasimama, akavua kofia,
akaniuliza kwa upole, kama tumekutana stesheni:
“Mama, saa ngapi sasa?”
Nikamwambia, saa tisa na robo.
Akashukuru. Kisha magoti yakamwisha.

Mbio za kwanza ni mwezi ujao, upande wa pili wa dunia,
kule ambako majani ndiyo kwanza yanaanza kupukutika.
Nitaamka saa kumi alfajiri, blanketi mabegani,
niwatafute vijana wangu ndani ya rangi ngeni,
maana wamehamahama timu tena,
na yule wa nyekundu sasa ni wa kijani,
na yupo mmoja wa miaka kumi na minane
ambaye mama yake, naapa, hatalala mpaka Desemba.

Wanasema magari ni mapya kabisa, na mlio wake ni mwingine.
Hilo ndilo linalonipa tumbo joto.
Mimi siwaoni wakija; mlima unawaficha.
Nawasikia.
Mguu ukiachia mafuta mapema, najua huyu ana hofu.
Ukichelewa, mkono wangu umeshafika kwenye fimbo
kabla kichwa hakijauliza kwa nini.
Miaka ishirini na mitano nimeusoma mlio ule kama kitabu,
na sasa wamebadilisha alfabeti.
Masikio haya ya miaka sitini na mitatu
yatarudi darasa la kwanza,
yakae dawati moja na Maëlle.

Maëlle ndiye msaidizi wangu mpya. Ana miaka ishirini, anasomea unesi,
anauliza maswali mpaka supu inapoa.
Juzi kaniuliza msimu mwema ni upi.
Nikamwambia ni ule ambao tutarudi nyumbani
na bendera zimekunjwa hivihivi, zina harufu ya pasi.
Akacheka. Alitarajia nitaje jina la bingwa.

Mchana huu amekuja kufanya mazoezi uani kwangu,
theluji kifundoni, pua nyekundu.
“Kiwiko kisilegee,” namwambia kutoka dirishani.
“Andika nane kubwa hewani. Mtu anakuja kasi, ana mvua machoni,
na wewe ndiye habari pekee atakayopata.”
Akainua ile yenye doa, akapunga kwa nguvu zake zote
mbele ya barabara tupu.

Gari la posta lilichomoza kwenye kona.
Likapunguza mwendo.