Dakika Arobaini na Moja

Nywila ninayo.
Jina la mbwa na mwaka aliozaliwa mbwa.
Mwenyewe aliiacha kwenye duka la viatu la mtandaoni
lililoibiwa orodha yake mwaka juzi,
na mvivu hafugi mbwa wawili.

Saa tisa za usiku, Paysandú, Julai ya baridi,
hospitali imefungwa kwa kufuli lisiloshikika.
Skrini zote zinasema neno moja: lipa.
Mashine za kusafisha damu zimewasahau wagonjwa wao,
na Bi Nélida Bentancor, mwenye figo zilizochoka,
anapakiwa garini, kilomita mia na ishirini hadi Salto,
mkoba tumboni, kiatu kimoja hakina kamba.

Nami nimeketi mbele ya mlango.
Seva ya mdukuzi iko upande wa pili, inapumua.
Humo mna ufunguo.
Kibuyu changu cha yerba kimepoa.

"Ingia," anasema Techera, afisa wa zamu.
"Nani atajua?"

Namjua mmoja aliyejua:
wakili wa Rivera, tai ya zambarau,
aliyeniuliza kwa upole wa daktari wa meno,
"Uliingia saa ngapi? Na hati ilisainiwa saa ngapi?"
Nikajibu. Ningefanyaje?
Na yule aliyekomba pensheni za wajane sitini na watatu
akashuka kizimbani akifunga vifungo vya koti,
akanipa mkono.
Ulikuwa na joto, mkono ule.

Napiga simu.
Jaji Zulma Berrutti anaitika mlio wa tatu.
Namsikia akipapasa miwani, akiangusha kitu, akimtukana paka.
"Nisomee."
Nasoma.
"Seva ipi? Taja namba. Hapana, si 'na zote zilizounganishwa nayo'.
Hilo ni kokoro. Mimi nasaini ndoana."
Nafuta. Naandika upya.
Techera anapiga teke pipa la taka,
maganda ya machungwa yanatapakaa sakafuni,
na gari la Bi Nélida, nahesabu, limeshapita Quebracho.

Dakika ya thelathini:
"Barua za mama yake zimo humo?"
"Huenda, mheshimiwa."
"Basi andika kwamba hutazisoma."
Nikaandika kwamba sitazisoma.

Dakika ya arobaini na moja sahihi ikafika,
imepinda kidogo, kama ya mtu aliyesimama jikoni.
Tukaingia. Ufunguo ulikuwepo.
Kumepambazuka, mashine zikakumbuka majina.
Kijana alikuwa akiishi mitaa minne kutoka hospitali;
alizaliwa wodi ya pili, ghorofa ya juu.
Barua za mama yake zilikuwemo, mia tatu na kitu.
Zimo hadi leo, kwangu mimi bahasha zilizofungwa.

Mwezi wa Novemba wakili, si yule, ila tai ni zile zile,
aliuliza: saa ngapi, na saa ngapi?
Nikajibu. Akafunga jalada, akaketi.

Ningependa kuishia hapo.
Lakini Bi Nélida alirudi, mzima, kiatu kina kamba,
akanikuta kwenye foleni ya mkate.
"Ndiwe uliyesubiri?"
"Ndimi."
"Mimi nilisubiri pia," akasema, "nikihesabu nguzo za umeme.
Wewe ulihesabu nini?"

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.
Msemo nilikuwa nao siku nyingi.
Nilichokuwa nikidhani ni kwamba mimi
nimeshika mpini.

Nikambebea mkate wake hadi kona.
Hakunishukuru, wala hakukataa.

Usiku nikafungua kompyuta yangu ya nyumbani,
picha za harusi, deni la benki,
barua ambayo sikuwahi kumtumia kaka yangu,
nikabadilisha nywila.

Nayo ilikuwa jina la mbwa.